Skrubu ya Tundu la Chini

"Kanyaga, mama! Shikilia! Haya, achia!"

Mjane wa dereva alikuwa akikanyaga tangu saa moja asubuhi, fundi akimwamuru kutoka chini ya gari, na kila akikanyaga pedali ya klachi inazama kama mguu kwenye tope. Moyo ulikuwa unamchemka. Miaka miwili alikuwa akilifufua gari kuukuu la marehemu mumewe. Bodi imenyooshwa, viti kavishonea vitambaa kwa mkono wake, injini inanguruma. Lakini gia haiingii, ukiilazimisha inalia kama mbuzi aliyeshikwa pembe. Na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alishatamka: leo adhuhuri gari lisipotoka bandani kwa magurudumu yake, linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hao nao, bila haya, walishaleta lori, wako getini wanachokonoa meno.

"Silinda ya klachi ya juu nimebadilisha, ya chini nimebadilisha," fundi akasema kutoka uvunguni. "Gari limezeeka, mama, tukubali."

"Nimezeeka mimi, mbona sizami kama hii pedali yako?"

Shemeji, aliyekuja kuingojea hiyo adhuhuri, akacheka. "Shemeji, magari tuachie wanaume. Kazi yako wewe kukanyaga tu."

Kukanyaga tu! Miaka ishirini na saba kaikanyaga klachi hii, mumewe akiwa chini anatoa hewa kwenye mafuta yake ili pedali isizame. Mguu wake ulijua pedali yenye hewa kama ulimi unavyojua chumvi, na hii ilikuwa na hewa. Marehemu hakuwa mchoyo wa maarifa. Alikuwa akimwita, "Njoo uchungulie, mke wangu, nikifa wasikudanganye. Hewa ina majivuno, haikai chini."

Mjane akashuka, akatandika gunia, akalala chali ubavuni mwa fundi. Silinda ya chini ina matundu mawili. Bomba la mafuta limefungwa tundu la juu, skrubu ya kutolea hewa imefungwa la chini.

"Nani kaiweka skrubu huku?"

Fundi akakohoa. "Inaingia popote, mama. Matundu yanafanana."

"Na sikio ni tundu, mbona huli kwa sikio? Hewa imejikusanya juu, wewe unaifungulia mlango chini! Badilisha!"

"Mama, mimi miaka kumi na tano kwenye kazi hii—"

"Badilisha!"

Fundi akabadilisha, skrubu juu, bomba chini. Mafuta yakajazwa upya, mjane akarudi kukanyaga. Hewa ikatoka ikibwabwaja mapovu, na mara ya sita pedali ikausukuma mguu wake. Akawasha gari, akatia gia ya kurudi nyuma. Ikaingia kimya.

Shemeji alikuwa mlangoni mwa banda, mkononi kamba ya kuvutia gari. "Hongera, shemeji! Si nilikwambia fundi huyu ni—"

Mjane hasira ilikuwa haijamtoka, wala hakutaka imtoke. Akashusha kioo.

"Sogea. Na hao rafiki zako waondoe lori lao getini, mume wangu anapita."