Pengo Kwenye Ua wa Min Ouma

Mnicheke tu, nimeshazoea, lakini mwenzenu siku hizi nikitumwa ule mtaa wa Suna ulio nyuma ya soko huwa nazunguka mbali ili nisikutane na mtu yeyote aliyekuwa ameketi kwa Min Ouma, yaani Mama Ouma, siku ile. Kuna aibu isiyotoka hata kwa sabuni.

Mimi ni karani wa kodi ya ploti. Wiki ile nilikuwa napita nyumba kwa nyumba na kopo la rangi nyekundu, naandika namba za ploti, ili kodi itakayokusanywa ijenge upya soko la mtaa: vibanda vyenye paa, taa, na mtaro mkubwa wa kutoa maji ya mvua (mnajua vile akina mama wanauza omena, wale dagaa wa ziwani, wamesimama kwenye tope). Saa saba mchana, jua kali, ilikuwa imebaki ploti moja tu, ya Min Ouma, na lango lake liko upande wa pili kabisa. Hapo nikaona ua wake wa minyaa umekatwa pengo, jipya, utomvu mweupe bado unadondoka, tena pale pale ramani yangu ilipoonyesha mtaro utapita. Nikajiambia vijana wetu wa kupima wameshafungua njia, na miguu yangu imevimba, sasa nizunguke kwa nini? Nikapita.

Ndani palijaa watu. Sijawahi kuona watu wengi vile wakiwa kimya vile, viti vyote vya plastiki vimeelekea pengo, yaani vimenielekea mimi, na hata kuku hakulia. Mwenye akili angerudi. Mimi, kwa sababu ofisini tumefundishwa kutabasamu, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni: “Asanteni sana kwa kutufungulia njia mapema. Mnaona sasa kodi yenu inafanya kazi.”

Mama mmoja akajifunika uso kwa leso. Nikadhani wamechukizwa na kodi (nani huifurahia?), basi nikainama nikaandika namba kwenye rundo la matofali lililokuwa karibu, na nilipoinua kichwa ndipo nikaona shimo nyuma yake, refu kwa kimo cha mtu.

Ouma, kifungua mimba wa mama yule, alikuwa amezama ziwani karibu na kisiwa cha Remba alikokwenda kuvua. Na mimi ni Mjaluo, mtoto wa Homa Bay, najua tangu utotoni kwamba kwa familia nyingi za kwetu aliyekufa maji hapitishwi langoni. Hukatiwa pengo kwenye ua, na pengo hilo ni lake. Nilijua, na bado nikatangulia mimi na kopo langu la rangi.

Min Ouma akainuka polepole. Hakunitazama, alitazama kando ya bega langu.

“Mmekuja wawili?”

Nikamwambia niko peke yangu, mama. Akatikisa kichwa, akaagiza viti viwili. Nilipotaka kuondoka, shemeji yake, jaduong' mmoja, mzee mpole, akanieleza kwamba siwezi kurudi kwa pengo, na langoni pia sitoki mpaka mwenye pengo aletwe aingie. Nikaketi. Kiti cha pili kikawekwa ubavuni pangu, chai ikamiminwa vikombe viwili, na watu wakavuta watoto wao mbali nasi (nasema “nasi”, mnasikia?). Nilijizuia sana nisitazame kile kiti. Nilipokitazama kilikuwa kimelowa, maji yanadondoka ukingoni taratibu kwenye vumbi, na mvua haikuwa imenyesha Suna kwa wiki mbili.

Pikapu kutoka Homa Bay ikafika saa tisa. Jeneza likaingizwa kwa pengo, likapita mbele ya magoti yangu, na kaburi likajengewa matofali yale yale yenye namba yangu nyekundu, kwa kuwa hapakuwa na mengine.

Watu walipoanza kutawanyika Min Ouma akanijia, akaniambia kwamba yeye hulipa kodi ya ploti mapema kila mwaka, maana anauza omena soko hilo na ule mtaro aliutaka sana. Halafu akanishika mkono.

“Nyara, binti yangu, sasa hiyo mtaro itapita wapi?”

Ramani ilikuwa mkobani. Mstari wa buluu ulikata kaburi katikati. Nikasema hautapita hapa, mama, mimi karani wa rangi ambaye ofisini hata chai huwa sijaziwi kikombe.

“Wewe ndio umemwingiza nyumbani,” akasema. “Basi wewe ndio utamchunga.”

Nimeandika barua tatu. Nimesimama kwenye mkutano wa wananchi nikasimulia vile nilivyopita pale, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mhandisi akasema ramani ni ramani. Nimeapa sitaingia tena kwa mtu pasipo lango, hata ua wote ukiwa umeanguka, nitazunguka nibishe hodi. Lakini kiapo hicho kimechelewa. Tingatinga la kuchimba linakuja Jumatatu, na nimeomba ruhusa ya siku hiyo kazini, nikakae juu ya lile kaburi.