Koti la Kapteni wa Meli ya Upande Mmoja

Mwaka 2013 dada yangu Spesioza alinipigia simu Kigoma. "Mdogo wangu, njoo unisaidie kushona. Kazi hii ikitoka vizuri, wananiajiri moja kwa moja." Alikuwa Durban mwaka wa tisa, akiishi kwa vibarua. Nilifunga duka langu la ushonaji, nikaondoka.

Siku ya saba, baada ya mabasi na mipaka ambayo sitaki hata kuikumbuka, nilishuka Durban miguu imevimba. Dada alinipokea kwa chai chumbani kwake, mtaa wa Umbilo.

"Eish, umekonda!"

"Kaa wewe siku saba kwenye basi tuone."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Jacobs, eneo la viwanda. Ndani ya ghala moja ilisimama meli ya vita ya karne ya kumi na nane, imejengwa kwa ajili ya tamthilia ya televisheni. Meli hiyo haikuwahi kuwepo duniani, wala kapteni wake. Vyote vilitungwa tu. Kwa mbele ilitisha, mizinga imejipanga. Nikazunguka nyuma: hakuna upande wa pili! Ni mabomba ya chuma na ngazi. Nilicheka mpaka seremala mmoja akanitazama vibaya.

Sisi tulipewa koti la kapteni, la buluu. Dada alishona mikono, mimi kiwiliwili. Ana tabia ya kuacha kitambaa cha vidole vitatu ndani ya kila mshono. Nilimuuliza kama anafuga panya humo. Kwangu nguo nzuri ni ile safi hata ndani, basi nikakata ziada yote nikaitupa.

Jumatatu mwigizaji wa kapteni alikuja kulijaribu. Tangu apimwe alikuwa amenenepa, na koti likagoma kufunga. Saa nane mchana wanaanza kupiga picha, na kitambaa kingine hakuna.

Mkuu wa mavazi, mama mmoja mkavu, akauliza: "Nani alikata hapa?"

"Mimi," dada akajibu kabla sijafungua mdomo. Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili: "Nyamaza. Leta mkasi. Iko kitambaa kwenye mikono."

Tukafumua mikono, tukatoa ziada yake, tukaiunga ubavuni, chini ya makwapa. Koti likafunga. Kapteni akaonywa asinyanyue mikono, naye akaamrisha vita vizima kwa kidevu.

Ijumaa dada aliambiwa ajira amepewa mwingine. Alikunja futi yake ya kupimia, akaniuliza kama nimekula. Njiani nililia, nikamwuliza kwa nini alijitwika kosa langu.

"Mimi nimezoea kufukuzwa," akasema. "Wewe ndiyo kwanza umefika."

Nilirudi Kigoma kwa mabasi yale yale. Siku hizi naacha vidole vitatu kila mshono. Mteja akilalamika kwamba ndani kumejaa, namwambia avumilie, hicho ni kitambaa cha dada yangu.