Ngege na Sufuria ya Mama

Sisi tuliokulia mashamba ya wazungu kule Subukia hatukujua vitu vya kuchezea vya dukani. Baba alikuwa mpishi wa mwenye shamba, na siku moja alirudi na sanduku la kioo lililotupwa kwa sababu ya ufa. Akaziba ufa kwa lami, tukaliweka nje ya jikoni, mimi na dada yangu Wambui tukatia samaki watano aina ya ngege kutoka bwawani.

Kwetu samaki hakuliwa. Mama aliwaita nyoka wa maji. “Wafugeni,” alisema, “lakini sufuria yangu wasiiguse.”

Wiki haikuisha kabla ya vita kuanza. Madume walikuwa wawili, na yule mkubwa alichimba shimo lake mchangani, akamrarua mwenzake mapezi. Baba, aliyewahi kumwona mzungu akifuga, alituambia tubakishe dume mmoja na majike wa kimo chake, tena tupange mawe na vigae ili anayefukuzwa apate pa kujificha. Tukamrudisha mnyonge bwawani, kukatulia.

Kisha jike niliyempenda kuliko wote, mwenye doa mgongoni, akaacha kula. Taya lilimvimba. Asubuhi moja nikaona vitoto vyembamba kama uzi vinaingia kinywani mwake, vyote. Nikamwambia Wambui, “Anakula watoto wake.” Nikamtoa kwa mikono nikamtupa nyasini, niokoe vilivyobaki.

Hakikubaki hata kimoja majini. Alipokuwa akitapatapa, vilianza kumtoka mdomoni, vizima. Kumbe alikuwa amevificha visiliwe na dume. Nililia. Mama, aliyekuwa akimenya viazi, alikuja akatazama. Akavimwaga viazi chini, akachota maji kwa sufuria ileile, akaviokota vile vitoto kwa kijiko.

“Huyu naye ni mzazi,” alisema, akarudi kwenye viazi vyake.

Vitoto saba viliishi. Mama yao alikufa, na mpaka leo inaniuma.

Mjukuu wangu wa Nakuru ana tangi lenye taa na mashine ya hewa, na simu humwambia samaki yupi anapatana na yupi. Juzi aliniuliza, “Cucu, huyu hali, nimtoe?” Nikamwambia aangalie mdomo kwanza. Akacheka, simu ilishamwambia. Ni heri kwake. Mimi nilifundishwa na jike mmoja aliyekufa nyasini, na mama aliyepika viazi jioni ile ndani ya sufuria ileile, bila kuisugua.