Meza Karibu na Cherehani

Niliporudi nyumbani Kariakoo kutoka Ujerumani, nililala. Nilikula, nikalala tena. Mama nilimwambia niko likizo. Ukweli ni kwamba kazi ya kutengeneza programu za kompyuta ilikuwa imenichosha hadi nikaugua. Mfumo ukikwama usiku, napigiwa mimi. Jumapili, napigiwa mimi. Mwisho nikawa nikikaa mbele ya kompyuta na nilichokiandika jana sikielewi. Daktari wa kule akanipumzisha. Sasa kazini walitaka kujua kama nitarudi, na mimi sikutaka hata kuisikia ile kazi. Lakini ningeanzaje kumwambia Mama, ambaye mtaa mzima unamwita mama wa mtoto wa Ulaya?

Mtaa wetu haumwachi mtu alale bila maelezo. Wengine walisema nimetimuliwa. Wengine wakanisingizia mimba. Jirani yetu, ambaye mumewe anauza spea za magari mtaa wa Gerezani, aliniletea embe mbichi zenye chumvi na pilipili, akawa ananitazama tumbo badala ya uso. Nilizitafuna zote kwa hasira.

Mama hakuniuliza kitu. Kesho yake alitoa meza hadi barazani, akaiweka karibu na cherehani yake, akanipa kompyuta yangu.

"Kaa hapa wakuone unafanya kazi. Watafunga midomo."

Nikakaa. Yeye akishona sare za shule, mimi nikibonyeza vitufe mbele ya kioo cheusi. Sikuiwasha hata mara moja. Nikigusa tu pale pa kuwashia, moyo unaenda mbio. Wapita njia walitusalimu, "Poleni na kazi!" Mama akijibu, "Tushapoa," nami namfuatisha. Kule nilikofanya kazi hadi macho yakauma, hakuna aliyewahi kunipa pole. Hapa nilipewa siku nzima, na sikuwa nafanya chochote. Niliona aibu, na nilijisikia mpweke kuliko nilivyowahi kuwa ughaibuni, ingawa watu walipita na mizigo yao hadi wananigonga magoti.

Siku moja yule jirani akapanda barazani na simu yake mkononi.

"Mwanangu, hii imejaa mapicha. Nihamishie humo kwenye kompyuta yako."

Kabla sijajibu alishazunguka nyuma yangu.

"Khaa! Mbona haijawaka?"

Nilimtazama Mama nikidhani atatunga kitu, kwamba chaji imeisha au umeme umekatika. Kwa mambo ya kulinda jina, Mama ni hodari.

Akasimamisha cherehani.

"Anaumwa," akasema. "Kazi imemmaliza."

Jirani akacheka kidogo. "Kazi yenyewe si ya kukaa tu, shoga? Mbona sisi tunaosimama juani hatuumwi?"

"Hiyohiyo ya kukaa."

"Na kule Ulaya je?"

"Ulaya itabaki hukohuko."

Jirani akanitazama usoni, safari hii, akasema pole na kushuka. Mama akaifunga kompyuta yangu, akaitia kwenye mfuko wa vitambaa.

"Nani kakwambia naumwa?" nikamuuliza.

"Chumba chetu ni kimoja, mwanangu. Kila siku unalia usingizini."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama nalia.