Mpangaji wa Papa Anaclet

Katika Bagira yote hakuna mwenye nyumba aliyechagua wapangaji kama Papa Anaclet. Alipostaafu kazi ya kiwandani alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma mbele ya kibanda chake, na kila aliyekuja kuiulizia, alimfuata kwanza kule alikokuwa akiishi. Alitazama kama milango imetunzwa, kama choo kimefagiwa, kisha akazungumza faraghani na mwenye nyumba wa huko. "Mutu anajulikana kwa nyumba ya mwenzake," alikuwa akimwambia mkewe, Eulalie. Kila kiangazi alipanda mwenyewe juu ya mabati kukaza misumari kabla mvua hazijarudi. Watu walimcheka, lakini wapangaji wake walikaa miaka.

Mwalimu aliyekuwa akikaa pale alipohamia Uvira, wa kwanza kuja alikuwa Adolphine, mjane muuza samaki mwenye watoto wengi. Papa Anaclet alikwenda kwake, akakuta sakafu inang'aa, akarudi ameridhika. Kesho yake ikaja jeep ya jeshi.

Kapiteni Lokwa alishuka akinukia marashi, akatembea chumba hadi chumba, viatu vikigonga saruji.

"Citoyen, mi nachukua hii nyumba. Likambo te, hakuna shida, tutasikilizana."

Eulalie alingoja jeep iondoke. "Ulienda kuona kwenye anaishi?"

"Niingie mu kambi ya basoda niulize kama anafagiaka choo?"

"Basi umunyime."

"Unamunyima aje mutu kama ule?"

Jambo moja hakumwambia mkewe. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua wakiitazama jeep ile mlangoni pake, na moyo wake ulikuwa umevimba kidogo. Adolphine aliambiwa nyumba imekwisha kupata mtu.

Mwanzoni kapiteni alilipa kodi. Halafu akaacha. Akaleta mke wa pili, kisha vyumba vya nyuma akavipangisha kwa wafanyabiashara wa Kalehe, ambao walimlipa yeye. Mbuzi wakafungwa barazani. Papa Anaclet alipojikaza kwenda kuuliza, alimkuta akinywa. Kapiteni hakukasirika hata kidogo.

"Muzee, unalala bure nyuma ya nyumba yangu, na mi sijakuuliza kitu."

Wafanyabiashara wakacheka, na Papa Anaclet naye, bila kujua kwa nini, akacheka. Kwenye ofisi ya serikali ya zone, mkubwa alimsikiliza vizuri mpaka aliposikia cheo cha mpangaji. Hapo akasimama, akamwambia amsalimie mama nyumbani.

Mwaka uliofuata Eulalie alishikwa na tumbo. Daktari alitaka kumpasua haraka, na njia ya kupata pesa ilikuwa moja tu, kuuza nyumba. Wanunuzi walifika, wakayasifu matofali, wakaziona sare za jeshi zimeanikwa kwenye kamba, wakaaga. Eulalie alikufa kabla ya Pasaka.

Matangani kapiteni alileta kasha la bia, akakaa kiti cha mbele. "Maman alikuwa mwenye nyumba muzuri sana," akawaambia waombolezaji. Akampa mfiwa chupa. Papa Anaclet aliipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akainywa yote. Bia ile ilimuuma kuliko nyumba.

Kapiteni alipohamishiwa mkoa wa Shaba, lori lilikuja kumchukua. Askari wake waling'oa milango, madirisha na mabati. Zikabaki kuta, mvua ikinyesha ndani na nje, na Papa Anaclet akaanza kuuza matofali kidogo kidogo. Wanawake waliyabeba mgongoni wakiteremka nayo mlima.

Siku moja Benoît, kijana wa jirani aliyekuwa amemaliza nyumba yake ya kwanza ya kupangisha, alikuja kuomba shauri.

"Usimupe ufunguo mutu mwenye unaogopa kumuuliza swali," Papa Anaclet akamwambia. "Hata akilipa mbele."

Benoît aliitikia kwa heshima. "Iko kweli, Papa. Lakini mi nilipata bahati. Mupangaji wangu iko ndugu ya commissaire, mukubwa wa zone."

Papa Anaclet alimtazama kijana yule, suruali yake mpya, uso wake uliojaa furaha. Mama mmoja alikuwa amekuja kuchukua matofali, na mzee akaenda kumtwika mzigo mgongoni.