Kikundi Kisichokuwa na Mgonjwa

Jirani yangu kinyozi alikuwa anaitwa Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakufunga shuka shingoni, ulishajua nani kaachika, nani kahama bila kumuaga mwenye nyumba, na nani kanunua godoro jipya ilhali mkewe yuko safarini. Mimi nashona viatu mlango wa pili. Ukuta wetu ni wa mbao, na mbao zenyewe zimeachana, kwa hiyo habari zote nilizipata bure bila hata kunyolewa. Ilinifaa, maana nywele zangu ziliondoka zamani na wala hazikuaga.

Choo cha maduka yetu kiko uani, kimoja kwa wote, na ufunguo unaning'inia kwangu. Ukitaka kuijua afya ya mtaa, usimuulize daktari, muulize anayetunza ufunguo wa choo. Redio mwanzoni alikuja kuuchukua kama binadamu wengine. Baadaye akawa anauchukua kati ya kichwa na kichwa. Mwishowe akawa anauchukua katikati ya kichwa.

Kuna karani mmoja wa benki, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, alinijia mlangoni shuka liko shingoni, upande mmoja umenyolewa na upande mwingine msitu.

"Mzee, huyu mtu amehamia huko?"

"Vumilia mwanangu, anakuja."

"Anakuja lini? Nina kikao!"

Ningemwambia nini? Nilijua Redio yuko kule amesimama mbele ya ukuta, anasubiri kama mtu aliyeomba kuonana na mkubwa ofisini: ameambiwa subiri, na hakuna anayemwita. Akirudi, analaumu baridi. Baridi ikiisha, analaumu chai. Alifika mahali akailaumu mashine mpya ya kunyolea, eti mtetemo wake unapita mkononi unashuka tumboni. Mtu aliyejua sababu ya kila ndoa kuvunjika mjini, sababu ya kwake mwenyewe kukawia chooni hakuijua.

Nilimwambia akapime. Nilimwambia kwa ustaarabu, kupitia kwenye ufa wa mbao. Akanijibu kwamba yeye bado kijana. Kijana mwenye wajukuu, lakini haya. Mwisho maji yalimfika shingoni akaenda. Wakamchukua damu, halafu wakamchukua kinyama kidogo kule ndani, halafu wakamwita tena. Aliporudi safari hiyo ya mwisho, Redio ilizimika. Watu wananyolewa kimya kama wako mahakamani. Wateja walidhani ameokoka, wengine wakadhani amefiwa.

Siku moja nikasikia sauti ndogo kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mzee. Nina rafiki yangu mmoja..."

Hapo nikaweka nyundo chini. Nilijua tayari ni mwenzetu.

Lazima nieleze kikundi chetu. Tunakutana Jumamosi mchana pale zahanati, kwenye chumba ambacho asubuhi hupimwa wajawazito. Zahanati haina chumba kingine, na Sista, muuguzi aliyetuanzishia jambo hili, alisema mwanamume aliyezaliwa na mwanamke hawezi kudhurika kwa kukaa humo. Kwa hiyo tunakaa sisi, wazee wazima wenye mvi, chini ya picha kubwa ya mtoto ananyonya, karibu na mizani ya vichanga, tunazungumzia saratani ya tezi dume. Yaani, tulitakiwa kuizungumzia. Shida ni kwamba kikundi hakikuwa na mgonjwa hata mmoja. Kila mtu alikuja kwa niaba ya rafiki.

Dereva wa lori, jitu lenye mabega ya kujaza mlango, alikuwa anasimama na kuuliza, "Sista, rafiki yangu, dereva mwenzangu, anataka kujua kama kile kidole cha daktari ni lazima."

"Mwambie rafiki yako ni lazima. Na mwambie aache kukunja uso hivyo, daktari hang'oi jino."

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mkuu mstaafu. Yeye hafungui kikao bila ajenda, na ajenda ya kwanza siku zote ni salamu kutoka kwa rafiki yake, ambaye anaendelea vizuri na usiku sasa anaamka mara chache. Tezi yenyewe hatukuitaja kwa jina, tuliiita ofisi ya chini. Nami nilikuwa na rafiki yangu, sikatai, mtu mzuri sana, naye alikuwa fundi viatu. Sijapata kuona wanaume wenye upendo kwa marafiki kama sisi. Wake zetu wangepata robo ya huruma ile, pasingekuwa na kesi ya ndoa nchini. Sista alituambia tunastahili medali, kikundi cha kwanza cha saratani duniani ambacho wanachama wake wote ni wazima.

Redio alianza kuja. Alivaa koti kubwa na kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, asijulikane, na njiani watu wakawa wanamsalimu, "Redio, shikamoo, leo umejifunika vipi?" Jumamosi za mwanzo alikaa tu kwenye kona, magoti yamegusa kidevu, maana viti vile ni vifupi. Kisha Jumamosi moja akasimama mwenyewe.

"Nina rafiki yangu," akasema. Tukamtazama wote kwa heshima. "Ameambiwa ni saratani. Bado imekaa humo humo kwenye ofisi ya chini, haijatoka. Daktari anasema wakikata sasa atapona. Kitanda kimepatikana, Jumatatu hii. Akikiacha atangoja tena, na ikishafika kwenye mifupa hakuna wa kuifukuza."

"Sasa huyo rafiki anangoja nini?" Sista akauliza.

"Ana mambo mawili. La kwanza, ameambiwa akishakatwa mkojo unaweza kuvuja, hata miezi. Na kazi yake ni ya kusimama mbele za watu. La pili..." Akatazama juu kwenye ile picha, akaona haimfai, akatazama mizani. Wazee wote tukakohoa kwa pamoja, kama kwaya.

Sista hakukohoa. "La pili nalo, baba zangu, kwa wengine linarudi. Kwa wengine linarudi kwa msaada wa dawa. Kwa wengine halirudi, sitawadanganya. Lakini mwambie rafiki yako kwamba marehemu nao hawaliwezi. Na mkewe anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui! Daktari si lazima aonane na mkewe? Atatunzwa na nani, na wewe rafiki yake?"

Hapo mwalimu mkuu akaona kikao kinamponyoka, akagonga meza. Akasema hoja iliyo mezani ni kama rafiki wa mjumbe akatwe au asikatwe, na anayeunga mkono anyooshe mkono. Dereva wa lori alinyoosha miwili. Mikono yote ikapanda, isipokuwa wa mzee mmoja aliyekuwa amelala. Wanaume tuna ujasiri wa ajabu linapokuja suala la tumbo la mwenzetu. Ikaja hoja ya pili, nani atamsindikiza mjumbe akamweleze mke wa rafiki. Ujasiri ukakatika kama umeme. Kila mtu akaanza kusoma maandishi ukutani kuhusu chanjo za watoto.

"Amependekezwa mzee fundi viatu," akasema mwalimu mkuu.

"Na nani?" nikauliza.

"Na kikao."

Basi kesho yake, Jumapili, tukaenda. Njiani Redio alijikaza, akaniambia atasema mwenyewe, mimi kazi yangu nikae tu nimzuie asikimbie. Nilimuuliza ataanzaje. Akasema ataanza polepole.

Mkewe hushona sare za shule, na tulimkuta kwenye cherehani yake ya miguu, amezungukwa na sketi za bluu mpaka kwenye mikono ya kiti. Ni mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

"Karibu shemeji. Leo kuna nini, viatu vimeisha mjini?"

"Nimesindikiza tu, shemeji."

"Haya, kaeni. Hamisheni hizo sketi, msizikalie."

Redio akaanza polepole kweli. Akazungumzia joto. Akazungumzia uzi ulivyopanda bei. Akaeleza habari za nyumba moja ya mtaa wa nyuma ambako baba mwenye nyumba amehamia kwa mpangaji. Alitangaza habari zote za mji ila ile aliyokuja kuitangaza. Cherehani inakwenda, yeye anakwenda. Nikakohoa. Akanitazama kama kondoo anavyomtazama mchinjaji.

"Mama watoto. Nina rafiki yangu mmoja..."

Akaieleza yote. Ya kinyama, ya kitanda, ya Jumatatu. Mkewe hakuinua kichwa, mguu unakanyaga, sketi inapita chini ya sindano.

"Ana umri gani huyo?"

"Kama mimi hivi."

"Kazi yake?"

"Ni... anasimama simama tu."

"Ana mke?"

"Anaye."

"Mke anajua?"

"Hajui. Ndiyo taabu yenyewe. Anaogopa mkewe akijua hatamwona mwanamume tena."

Cherehani ikasimama. Akakata uzi kwa meno, akaikunja ile sketi vizuri, akaiweka juu ya nyingine.

"Muulize rafiki yako, nguo zake anafua nani? Anadhani zinajifua? Mwambie mkewe ameona madoa ya damu tangu kabla ya mvua. Mwambie mkewe anamsikia usiku akiamka, anajigonga kwenye meza, halafu anaitukana meza kwa kunong'ona asimwamshe mtu. Mwambie mkewe alidhani amepata mwanamke mwingine, akamfuata Jumamosi moja, akachungulia dirishani, akamkuta amekaa na wazee wenye makoti chini ya picha ya mtoto ananyonya. Akarudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka."

Nilitafuta mahali pa kutazama. Palikuwa na sketi tu, nikazitazama sketi.

"Na huo uanaume," akaendelea, "shemeji utanisamehe, mwambie hicho anachokilinda hakijafika kazini mwaka huu. Mkewe halalamiki. Alichobaki nacho ni mdomo wa mume wake, alikuwa anakuja nao jioni, wanakula huku anamchekesha. Sasa na huo umezimwa. Mwambie akakatwe arudi na mdomo."

 Redio alikuwa ameishika kofia yake anaizungusha.

"Ni mimi, mama watoto," akasema.

"Ala! Kumbe ni wewe?" akasema mkewe. Halafu akavua miwani, akachukua sketi ya mtoto wa watu kutoka juu ya lile fungu, akafunika nayo uso, akakaa hivyo muda mrefu mabega yanatikisika. Redio akainuka, akasimama nyuma yake, akamwekea mikono kichwani, kama anavyowashika wateja wake kabla hajaanza kunyoa. Mimi nikaaga. Hawakunisikia.

Jumatatu tulijazana kwenye korido ya hospitali, kikundi kizima. Mlinzi alituuliza tunakwenda wapi, kila mmoja akamjibu amekuja kumwona rafiki, na kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianzishwe tulikuwa hatudanganyi. Mwalimu mkuu alitaka tufungue kikao pale pale. Dereva wa lori, ambaye amewahi kuvuka mto uliofurika na lori limejaa, aliona damu kwenye pamba akaketi sakafuni. Mke wa Redio ndiye aliyempepea.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa, teksi iliwashusha yeye na mkewe kwenye kona kwa sababu barabara yetu imechimbwa kwa ajili ya mabomba, nao wakaja kwa miguu, polepole. Redio alikuwa amewekewa mpira wa mkojo na mfuko wake, wa kukaa nao mpaka kidonda kikauke, na mfuko ameuficha ndani ya lile koti, ameukumbatia kifuani kama mtu aliyeiba kuku.

"Daktari kasema uwe chini ya kiuno," mkewe akamwambia. "Unaurudisha mkojo ulikotoka. Hebu lete."

"Watu wataona."

"Waone. Kwani umebeba bangi?"

Akauchomoa kotini akaushika mkononi, waziwazi, ukining'inia, na wakaendelea kuja. Mbele ya kibanda cha Redio benchi lilikuwa limejaa kama kawaida, wateja wake wenye nywele zilizopitiliza na wengine wasio na shida yoyote, wamekaa tu. Fundi seremala ndiye aliyewaona kwanza.

"Redio! Ulipotelea wapi, kaka? Na hicho shemeji alichobeba ni nini?"

Benchi zima likageuka. Nyundo yangu ilikuwa hewani, nikaiacha huko huko. Redio alimtazama mkewe, na mkewe hakumsaidia hata kwa kope. Akautazama mfuko.

"Mkojo," akasema. "Wa kwangu. Ulidhani juisi?"

 Fundi seremala akasogea akampisha nafasi, na Redio akashuka kwenye benchi taratibu, kwa upande, mkono mmoja kwenye bega la mtu.

"Hebu niambie," akamgeukia, "wewe usiku huamka mara ngapi? Usinidanganye, mkeo ananipitia hapa kila asubuhi." Halafu akaanza kutangaza, tangu mwanzo, bila kumtaja rafiki yeyote. Mkewe akavuta ndoo ya maji machafu ya kunyolea, akaimwaga mtaroni, akaipindua na kuikalia, mfuko ameushusha karibu na ardhi kama alivyoagizwa. Nilimpelekea mto wangu wa kiti, kwa sababu ndoo ni ngumu na mumewe alikuwa bado hajafika hata kwenye kipimo cha damu.