Kilemba cha Gunia la Mbaazi

Wenzangu ofisini walinicheka nilipoacha kuwasomea Kidato cha Tano notisi za uchumi. Nilikuwa nimechoka na wanafunzi wanaokariri maana ya soko huku soko la Babati wanalipita tu. Nikawapa tatizo: kwa nini mkulima wa mbaazi avune vizuri na bado maisha yake yabaki yaleyale? Waende wakaulize, wapime, warudi na jibu.

Mume wangu hununua mazao. Ndiye aliyenisaidia kuandaa maswali, pale pale mezani kwetu. Alisisitiza wanafunzi waende kijiji cha Singe, eti ni karibu, nami nikajiona nimeolewa na mtu wa maana. Lakini katika ufundishaji huu wanafunzi ndio huchagua pa kuchunguza. Wakachagua Sigino, kijiji anakotoka mmoja wao.

Walirudi na jibu: lumbesa. Gunia linajazwa pomoni, juu linashonewa kilemba cha kamba na kujazwa tena, halafu mkulima analipwa gunia moja. Kilemba hicho walikipima kwa debe. Waliwataja wanunuzi watatu, ila wa tatu waliandika "mnunuzi mmoja" basi. Nikawakaripia. Ripoti gani hiyo ya kufichaficha? Darasa zima likainama. Kiranja, binti mpole, akasimama.

"Samahani, madam. Ni baba wa nyumbani kwako."

Nilimaliza kipindi kwa kujikaza, wala sijui nilisema nini.

Nyumbani sikuzunguka, nilimuuliza mume wangu. Hakukana. Alisema kila mnunuzi hufanya hivyo, na asiyefanya hufunga biashara.

"Si nilikwambia uwapeleke Singe?" akaniuliza, kana kwamba mkosaji ni mimi.

Hapo ndipo iliponiuma hasa. Nilidhani ananisaidia kufundisha, kumbe alikuwa analinda magunia yake ya Sigino, na mimi namshukuru.

Kesho yake kiranja alinisubiri mlangoni kabla ripoti haijabandikwa ukutani. Aliuliza kwa upole kama waifute ile sentensi ya mnunuzi wa tatu. Mtoto wa shule alikuwa ananihurumia. Nilimwambia aandike jina. Akashika kalamu, akasita, akaniangalia. Nikaichukua nikaliandika mwenyewe, hadi lile la ukoo, ambalo na mimi ndilo ninaloitwa.